Kinachokuunguza Kifua Si Wifi Yako

Mdogo wangu wa Mwimbi, nimekusikia. Unasema kila ukila chakula cha jioni kwa wifi yako, usiku kifua kinawaka moto, maji machungu yanapanda mpaka kooni, na saa nane unajikuta umekaa kitako kitandani kama mlinzi wa ghala. Ukila kwako, afadhali. Basi ukahesabu watu kwa vidole, ukawamaliza, ukabaki na wifi. Tangu Pasaka hujakanyaga kwake, watoto umewakataza kunywa hata maji ya mtungi wake, na kaka yako ameanza kuuliza kulikoni.

Haya. Kwanza kunywa maji. Ya vuguvugu, si ya moto. Ya moto tutayafikia.

Sikucheki. Hapo ulipo na mimi nimepita. Watu wa mbali wanatutania kwa jina la mji wetu, Sumbawanga, ambalo wazee hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi", na sisi wenyewe tukiumwa kidogo tunaanza kukumbuka nani alitupita njiani asubuhi. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili kifua kiliniwaka miezi mitatu mfululizo, nikamtilia shaka jirani aliyeniletea mboga ya maboga. Mboga ya maboga! Mwanamke wa watu kanichumia majani kwa mapenzi yake, mimi nikayamwaga nyuma ya choo. Na wakati namshitaki moyoni, nilikuwa nakula ugali wa pili saa nne usiku nimeegemea ukuta, kisha najitupa kitandani. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema nguoni mwa jirani.

Kinachokusumbua kina jina la kawaida kabisa: kiungulia. Nusu ya kina mama ninaokaa nao sokoni wanakijua. Chakula kikitoka mdomoni hupita kwenye umio, ule mrija unaoshuka kutoka kooni hadi tumboni. Pale chini umio unapokutana na tumbo pana msuli wa duara unaojibana kama mdomo wa kiroba kilichofungwa kwa kamba. Chakula kikifika unalegea, kinapita, unajibana tena. Ndani ya tumbo mna asidi ya kumeng'enya chakula, kali hata kuliko ndimu, na tumbo limepewa utando wa kuihimili. Umio haukupewa. Basi kamba ile ikilegea wakati usio wake, au tumbo likijaa mpaka likaisukuma, asidi inapanda juu, na ndipo unaposikia moto nyuma ya mfupa wa kifua. Hakuna aliyekutupia kitu, mdogo wangu. Mlango umeachwa wazi, basi.

Sasa nikuulize, na uniangalie usoni: kwa wifi yako mnakula nini? Ngoja nijibu mwenyewe, maana kaya za kwetu nazijua. Migebuka iliyopanda kutoka Kasanga, imekaangwa kwa mafuta ya alizeti mpaka imekauka, kisha imerudishwa sufuriani kwenye rosti ya nyanya na vitunguu. Pembeni pilipili kichaa iliyopondwa na ndimu. Ugali mkubwa kama intumba, yale matuta yetu ya duara. Wifi anajua kupika na wewe unajua kula, na kwa kaka yako hakuna wa kukuhesabia matonge.

Mafuta ndiyo ninayoyashuku kwanza. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu kuliko kingine, na kinapokaa ndipo asidi inapopata muda wa kupanda. Tena mafuta yenyewe huulegeza ule msuli. Ndiyo maana mtu anakula chipsi mayai pale stendi, au kitimoto cha kukaanga na ndizi, halafu anasema "chakula kimenikaa hapa", anagusa kifua. Kimekaa kweli. Nyanya zikishapikwa mpaka zikawa nzito, ndimu, machungwa na siki ya kwenye kachumbari, hivyo vina ukali wake vyenyewe; vikipita juu ya umio uliokwisha kuungua ni sawa na kuweka chumvi kwenye kidonda. Vitunguu vibichi huwapandishia wengine gesi na kiungulia kwa pamoja. Pilipili nayo, mh! Mimi naipenda pilipili kuliko baadhi ya ndugu zangu, lakini niliachana nayo usiku. Mchana tunaonana kidogo.

Hapo nimetaja vyakula, lakini mdogo wangu, bado hujaniambia saa. Kaka yako anafunga duka saa tatu, anafika, anaoga, mnaongea, mnakula saa nne. Saa tano umelala kwenye mkeka sebuleni na tumbo limejaa. Umelala chali! Maji ya kwenye chupa uliyoilaza bila kifuniko yanakwenda wapi? Kwako unakula saa moja, ugali wa ulezi na maharage, kisha unaosha vyombo, unafunga kuku, unamkemea huyu, unamsikiliza yule, mpaka unalala saa nne chakula kimekwisha kushuka. Sasa umeona tofauti ya nyumba hizo mbili ilipo? Ungempeleka wifi yako Mwimbi akupikie samaki yule yule kwako saa kumi na mbili jioni, ungeungua kidogo tu, au usiungue kabisa. Kati ya mlo na kulala wacha zipite saa mbili, zikiwa tatu ndiyo bora zaidi. Kama kuna neno moja tu la dada utakalolishika leo, liwe hilo la saa.

Na komoni je? Usinitazame hivyo, najua ipo. Mwaka huu ulezi umekubali, na kwenye kila hodi kuna kata ya komoni. Pombe ya aina yoyote hulegeza ule mlango. Bia inaongeza na gesi, gongo inachoma njia nzima inaposhuka. Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe kali yenyewe haikwenda popote, ilihamia kwenye vichupa. Sikuambii uwe mtawa. Nakuambia kata moja ya saa kumi jioni si sawa na kata nne za saa tatu usiku juu ya migebuka ya mafuta, kisha mkeka. Na mumeo anayevuta sigara baada ya kula, mwambie dada kasema sigara nayo inalegeza msuli huo, na inapunguza mate, ambayo ndiyo yanayosaidia kusafisha asidi kwenye umio. Hatakusikia, lakini umwambie.

Tuje kwenye maji ya moto, maana hili linaniuma. Sisi wa Ufipa tunaishi kwenye uwanda wa juu, na mwezi wa sita na wa saba baridi inakuja na upepo wake, mtu anatoka nje na blanketi kama mgonjwa. Tunajipasha kwa chai. Chai ya rangi, nyeusi tii, inatoka jikoni inachemka na inaingia mdomoni inachemka. Kuna watu wanajisifu kwa hilo: "mimi chai isiyochoma siioni kama chai." Chai na kahawa zenyewe zina kafeini, na wapo wengi ambao huwapandishia kiungulia, hasa zikinywewa tumbo tupu asubuhi na mapema. Lakini moto ule ni jambo jingine, na ni kubwa kuliko kiungulia. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walisema vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Si chai yenyewe, moto wake. Na sisi Afrika Mashariki ni moja ya sehemu za dunia ambazo saratani hiyo imeshika sana. Kwa hiyo kikombe kikishamiminwa, kiache. Dakika tano. Piga stori, funga kanga ya mtoto, sonya kama unataka, kisha ndiyo unywe.

Uji wa ulezi ni chakula kizuri, nakusifu kwa kuutunza. Ila ile tabia ya kuukamulia ndimu mpaka unakunja uso, ukiwa na kiungulia, iache kwa muda. Tia karanga kidogo zilizopondwa badala yake. Tangawizi kwenye chai, hapo sikuwekei sheria. Wapo inaowatuliza, wapo inaowachoma, ujipime mwenyewe. Mnanaa ndio watu hawaamini. Pipi za mnanaa unazonunua ili kifua kifunguke, zinafungua kweli, na mlango wa chini zinaulegeza pia! Chokoleti ni vivyo hivyo, ingawa huko Mwimbi sidhani kama chokoleti ndiyo inayokulaza macho.

Soda nilikuwa nataka kuipita haraka, lakini nimekumbuka mabinti wa mjini wanaokunywa soda baridi "ili chakula kishuke". Unakunywa, unabeua, unapata nafuu ya dakika mbili, unadhani imefanya kazi. Gesi ile inalivimbisha tumbo kama puto, na kila ukibeua unaufungua mlango. Hizi soda za kuongeza nguvu wanazokunywa vijana wa bodaboda ndizo mbaya zaidi, kafeini juu ya asidi juu ya sukari, na tumboni hamna kitu tangu jana.

Kuna kitu ambacho hakimo kwenye sahani, na wanawake wa Ufipa tunakisahau. Tunainama. Msimu wa intumba ukifika unakula ugali wa asubuhi mpaka unatosheka, unajifunga kanga mbili kiunoni kwa nguvu ili mgongo usiume, unashika jembe, unainama mpaka jua linageuka. Tumbo limejaa, limebanwa na fundo la kanga, na kichwa kiko chini. Asidi ifanye nini, isipande? Kula kidogo kabla ya shamba, beba kingine ule mapumziko ukiwa umekaa wima, na fundo la kanga lilegeze. Mkanda wa mumeo pia, kama amepata kitambi. Kitambi chenyewe kinasukuma tumbo kila siku. Akikipunguza, kiungulia chake kitapungua hata kabla hajaacha pilipili.

Ukiwa na mimba, mlango hulegezwa na homoni, na mtoto naye anasukuma kutoka chini. Ndiyo yaliyonikuta mimi, na jirani yangu wa mboga ya maboga akabeba lawama. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Kiungulia cha mimba mara nyingi huondoka mtoto akishazaliwa.

Sasa dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeniambia unalamba magadi. Magadi hupooza asidi, ni kweli, ndiyo maana unapata nafuu. Lakini yakikutana na asidi yanatoa gesi tumboni, na ule uchumvi wake haufai kwa mwenye presha wala mjamzito. Mara moja kwa shida nakuelewa, ila kila usiku, hapana. Maziwa yanatuliza mwanzoni, halafu yanaliambia tumbo litoe asidi nyingine. Usiyanywe kikombe kizima wakati wa kulala ukayaita dawa. Vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya duka la dawa havina ubaya vikitumika siku moja moja, ila vingi vinaharisha, na usivitafune wakati mmoja na vidonge vyako vya kuongeza damu, maana vinavizuia kufanya kazi. Na dawa za maumivu unazomeza kwa ajili ya mgongo, diklofenaki na aspirini, zinalikwangua tumbo. Unaumwa mgongo kwa jembe, unameza dawa, dawa inakuumiza tumbo, unalamba magadi. Unaona mzunguko wenyewe? Kidonge chochote kimeze kwa maji ya kutosha ukiwa umesimama au umekaa, usikimeze kwa mate ukalala.

Halafu kuna hili la "nina vidonda vya tumbo". Kila anayeungua kifua huku kwetu anajitangaza ana vidonda, hajapimwa. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Madaktari nao walikosea kwa miaka mingi, wakisema ni mawazo na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipomgundua bakteria anayeishi tumboni. Watu hawakuwaamini, basi mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria hao akawanywa mwenyewe, akaugua tumbo, akathibitisha. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sikuambii ukoroge kitu. Nakuambia vidonda vya bakteria huyo vinapimwa, na dawa zake humezwa kwa siku maalumu zikaisha, huwezi kuvitibu kwa kuacha maharage. Na kiungulia usikitibu kwa dawa za vidonda ulizoazimwa na shoga yako. Kama kinakujia zaidi ya mara mbili kwa wiki, na umekwisha kurekebisha saa na sahani, nenda ukapimwe. Kituo cha afya kipo, ukihitaji zaidi watakuandikia rufaa ya Sumbawanga.

Usingoje kabisa, narudia, usingoje, ukiona chakula kinakwama kikishuka, au unakonda bila kujinyima, au unatapika damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami. Na maumivu ya kifua yanayokwenda begani au mkononi, pamoja na jasho na kuhema, usiyaite kiungulia ukalamba magadi. Huo unaweza kuwa moyo. Nimewaona watu waliojiita "nina gesi tu" wakachelewa. Mficha maradhi, unajua mwisho wake.

Usiku wa leo fanya hivi. Mwambie mumeo atafute matofali mawili, ayaweke chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hivi, hata 20. Mito mitatu haifai, inakukunja tumbo katikati na kuongeza taabu. Lala ubavu wa kushoto; tumbo lilivyokaa, upande huo asidi inabaki chini ya mlango. Mumeo atalalamika kwamba anateleza. Atazoea, wangu alizoea, siku hizi nikihamisha matofali kufagia ananikumbusha kuyarudisha.

Na tafuta daftari la zamani la mtoto, uandike kwa wiki mbili: umekula nini, saa ngapi, usiku ulikuwaje. Usiache vyote nilivyotaja kwa siku moja, utabaki unakunywa maji na huzuni. Mwili wa mtu na wake. Mimi nyanya zinanipiga vibaya, kahawa hainifanyi kitu. Dada yangu mkubwa ni kinyume chake. Daftari litakuonyesha vyako viwili vitatu, hivyo ndivyo uachane navyo. Ndizi mbivu, papai, ugali wa ulezi usiozidi kiasi, mboga za majani, samaki wa kuchemsha, hivyo kwa watu wengi havina ugomvi.

Kisha Jumapili hii chukua kuku mmoja, nenda kwa wifi yako. Nenda mchana. Yale uliyokuwa unayawaza usimweleze, hayo umekwisha kuniambia mimi na yanatosha. Mwambie tu kifua kimekuwa kikikusumbua, na kwamba migebuka yake ukiipata ya kuchemsha, pilipili pembeni, utashukuru. Akikuuliza mbona ulipotea, mwambie ulikuwa unaumwa. Si uongo. Na watoto waache wanywe maji ya mtungi wake.